Kuvuta Kasia kwa Adabu

Kabla ya safari ile, mto niliokuwa naujua mimi ni Msimbazi, na Msimbazi mtu hauendei. Unakuja wenyewe. Nyumbani kwetu ni Magomeni, duka la mama liko Kariakoo, na katikati kuna bonde la Jangwani, unapopita mto huo. Mvua ikishika, maji yanapanda barabarani, magari yanasimama, na sisi tunakaa ndani tukipigiana simu kuulizana kama njia imefunguliwa. Mto kwetu ni habari ya hasara. Ndiyo maana nilipompigia mama kumwambia kwamba huku ugenini nimejiunga na watu wanaopiga makasia mtoni, tena kwa kupenda wenyewe, aliuliza, "Kwani mdogo wako hana kazi ya kukupa?"

Kazi ilikuwepo, tena ya kutosha. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza katika mji mdogo wa Ujerumani, ambako shemeji yangu anafanya kazi kiwandani, na mama akanituma mimi nikamlee mzazi. Nilibeba pilipili manga, tangawizi, unga wa uji na kanga za kumfunga tumbo, na mpaka arobaini inatimia nilikuwa askari ndani ya nyumba ile. Nilimkanda kwa maji ya moto, nikamfunga, nikamnywesha uji kila alipofungua mdomo, hata kama alifungua mdomo ili anikatalie. Huko nje watu walikuwa kwenye kiangazi chao, wanatembea na nguo nusu. Mimi nilikuwa nimetoka Dar kwenye kipupwe na kufika na koti zito la mtumba kwa kuogopa baridi ya Ulaya. Nikalitundika nyuma ya mlango, na hapo lilikaa mpaka siku ya kuondoka.

Arobaini ilipopita, mdogo wangu alinifukuza kwa maneno mazuri.

"Dada, nakupenda sana, ila nikiona tena kikombe cha uji nitapiga kelele mpaka polisi waje. Toka bwana. Nenda hata katembee."

Nikatembea. Kutembea kwao ni kuangalia miti. Mtu aliyekulia Kariakoo ukimweka mahali ambapo hakuna anayemwita "dada, karibu," hakuna anayemsukuma na mkokoteni wala anayemwambia aangalie mkoba wake, anaanza kujishika mkono kuhakikisha kama bado yupo. Watu walinipita kimya. Niliwasalimia wote, mmoja mmoja, na wengine walishtuka.

Aliyezoea kuniitikia alikuwa bibi mmoja wa ghorofa ya chini yetu. Alikuwa amevuka sabini, mjane, mrefu, nywele zote nyeupe na amezikata fupi kama za mwanamume. Siku moja alinikuta napanda ngazi, mfuko wa mchele begani na kigari cha mtoto mkono wa pili, akasimama kunitazama kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Akaniuliza kwa Kiingereza kilichokuwa kibovu sawasawa na changu, "Unajua kuogelea?"

Nikamwambia najua. Utotoni, sikukuu za Idi tulikuwa tunavuka kwenda Kigamboni, na binamu zangu walinifundisha kuogelea kwa kunitosa.

"Kesho jioni njoo mtoni," akasema. "Nahitaji mikono."

Nilikwenda kwa udadisi tu, na siku hiyohiyo nikajua mikono yangu inatakiwa kwa nini. Walikuwa na chama cha makasia, na ndani ya chama boti moja ya wanawake wanne pamoja na mshika usukani. Mmoja wa wale wanne alikuwa amehamia mji mwingine. Basi baadhi ya wanachama wakaona wakati ndio huu: boti wapewe vijana, na bibi, ambaye ndiye mkongwe wao, akapumzike. Mwisho wa kiangazi kulikuwa na mashindano ya miji ya mto ule, na yeye hajayakosa tangu aolewe. Bila mtu wa nne, hana boti. Bila boti, wameshamaliza habari yake.

"Siku nikishindwa nitasema mwenyewe," aliniambia akiwa ameinama anafunga viatu. "Sitaki kuambiwa."

Nilimwelewa, au nilidhani nimemwelewa. Mtu mzima anataka heshima yake. Kuna nini cha kufafanua hapo?

Sasa boti yenyewe. Ni nyembamba kiasi kwamba ukikohoa inayumba. Kiti kinateleza mbele na nyuma juu ya reli ndogo, na kila mtu ana kasia moja refu, huyu upande wa kushoto, anayefuata upande wa kulia. Na mnakaa mmeupa mgongo upande mnaokwenda. Hilo lilinikera tangu dakika ya kwanza. Mimi nimelelewa kwenye mitaa ambayo ukienda bila kuangalia mbele unajikuta umekanyaga nyanya za mtu na unadaiwa ulipe. Kule anayeona njia ni mmoja tu, yule mshika usukani, ambaye anakaa nyuma ya boti akiwatazama usoni na kuwapigia kelele. Wa kwetu alikuwa daktari wa meno, mwanamke wa makamo aliyezoea kusema na watu wasioweza kumjibu.

Wengine wawili, mwoka mikate na mwalimu wa shule, walikaa kwenye ncha. Mimi na bibi tulikaa katikati, yeye mbele ya macho yangu, kasia lake kushoto, langu kulia. Kwa hiyo kiangazi kizima nilichokiona zaidi ya mto ni mgongo wa bibi. Nilivaa suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu na kilemba nimekifunga kwa nyuma. Aliniuliza swali moja tu kuhusu kilemba: "Kitakaa?" Nikamwambia kitakaa. Kikakaa.

Kanuni ya boti ile ni nyepesi kueleza. Nguvu za kushoto na kulia zikilingana, inanyooka. Upande mmoja ukizidi, boti inapinda kuelekea upande wa aliye dhaifu, na mshika usukani anaweza kuirekebisha kidogo tu. Wiki za mwanzo mimi ndiye niliyekuwa mkosaji wa kila kitu. Kasia lilinipiga tumboni, viganja vikatoka malengelenge, nikamrushia bibi maji mgongoni mpaka nikawa naona haya kumwamkia. Kumwamkia kwenyewe nilikuwa nampa shikamoo kamili, kwa sababu kumwita jina lake kama walivyofanya wenzangu nilishindwa. Nilimfundisha kuitikia marahaba, na aliitikia kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa.

Halafu mwili ukaelewa, na nikapenda. Nilipenda mno, wala sikutegemea. Jua la kwao wakati huo haliharakishi kuzama, maji yanakuwa tulivu, makasia manne yanaingia kwa pamoja na boti inateleza chini yako, na kwa muda huo huna deni na mtu yeyote. Nilikuwa narudi nyumbani nimelowa, nacheka peke yangu kwenye ngazi.

Lakini mtu ukimkalia nyuma kila jioni unajua mambo yake. Nilianza kusikia pumzi ya bibi ikikatika kabla ya zetu. Tukipumzika, mkono wake mmoja ulikuwa unapanda begani na kuliminya. Na boti ikaanza kupinda kwenda kushoto, upande wake, kwenye matete ya ukingoni. Daktari wa meno akawa anapiga kelele, "Kushoto, vuta! Kushoto!" Mwoka mikate, aliyekuwa pia wa kushoto, alijitahidi mpaka masikio yakawa mekundu. Bibi naye alijitahidi. Nilimwona shingo inavyokaza.

Nikapunguza. Hakuna aliyeniambia, wala sikukaa kufikiri. Nilifanya kama ninavyofanya nikitembea na mama jioni kutoka dukani: yeye magoti yanamsumbua, mimi nina haraka, lakini napunguza hatua kwa namna ambayo hata yeye haoni kama amepunguziwa. Kumpita mtu mzima, kumzidi nguvu waziwazi, tena mbele ya watu, ni kukosa adabu. Basi nikawa natia kasia majini kwa wakati, nalivuta kwa sura ya mtu anayevuta, ila nguvu naweka nusu. Boti ikanyooka. Tulipofika kwenye gati bibi aligeuka na uso umechanua, akasema, "Leo tumekwenda vizuri." Nikajiona mtu mwema kweli.

Hiyo kazi nilikuwa na uzoefu nayo. Mama macho yake yalikuwa yanafifia kwa muda mrefu, na mimi na kaka yangu tulikuwa tunamsitiri pale dukani bila kukaa kikao hata kimoja. Mteja akiomba kitenge cha zambarau, mama akamletea cha kahawia, mimi nasema haraka, "Mama anakuonyesha hiki kwanza, ndiyo mzigo mpya," huku nashusha cha zambarau. Kaka anao mtindo wake: anamtajia mama rangi kama anayemsifia, "Lile la bluu kulia kwako, mama, limetulia sana." Mama hajawahi kutuuliza kitu, nasi hatujawahi kusema. Nilipopunguza kasia nilikuwa nafanya lilelile, na nilidhani linafaa popote duniani.

Tatizo ni kwamba boti ilikuwa imenyooka lakini haina mwendo. Kila kasia linapotoka majini linaacha duara la maji yanayozunguka, na anayekaa usukanini anayaona yote manne. Langu lilikuwa dogo. Siku moja, tumekwisha kufunga boti na watu wa chama wamesimama pale wanakunywa vitu vyao, daktari wa meno akanigeukia.

"Wewe huvuti," akasema. "Unapapasa maji. Wiki ijayo ukiwa hivi hivi, nitaweka mtu mwingine."

Napapasa! Mimi, niliyekuwa nabeba majora ya vitenge kutoka kwenye gari mpaka ghalani kabla sijavunja ungo! Damu ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanavuma. Angenisemea maneno yale Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, ningemjibu mpaka wauza maji waache biashara zao waje kusikiliza. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikamwona bibi nyuma yake, ameshika bega, nikaufunga.

Bibi ndiye aliyesema. "Ni mgeni," aliwaambia. "Mwacheni kwangu. Nitamfundisha mimi."

Nilitamani gati lipasuke nizame. Nyumbani nilimsimulia mdogo wangu, naye akaacha kumnyonyesha mtoto kwa hasira.

"Si ungesema?"

"Ningesema nini?"

"Useme bibi wa watu hawezi tena. Basi."

"Hilo mimi ndiye nilitoe mdomoni?"

"Dada, huku watu wanasema. Wasiposema hakuna anayejua. Sasa wewe utatolewa, na wewe ukitoka yule bibi boti inampinda siku hiyohiyo mbele yao wote. Umemsaidia nini?"

Nikaenda kupika. Usimwambie mdogo wako kwamba yuko sahihi, hata akiwa amezaa.

Keshokutwa yake bibi alinichukua kwenye boti ya watu wawili. Hakuna mshika usukani, hakuna mwoka mikate, ni mimi na mgongo wake tu. Tukapanda mto hadi mahali pasipo na watu. Akasema, "Vuta kwa nguvu zako zote."

Nikavuta nusu.

Akasimamisha kasia. "Nilikuona ukipanda ngazi na mchele," akasema. "Vuta."

Labda ni ile hasira ya kuitwa mpapasaji, ilikuwa bado haijalala. Nikavuta. Nilivuta kama navuta jora lililobanwa chini ya mengine, na boti ikageuka yote, ikaingia kwenye matete ubavu wa kushoto. Bata wakubwa weupe wakatoka humo wakitulalamikia. Tukajitoa kwa kusukuma matope na ncha za makasia, tukajipanga katikati ya mto.

"Tena," akasema.

Tukaingia kwenye matete tena.

"Tena."

Mara ile ya mwisho matete yalimkwama nyweleni, na hakuyatoa. Alilaza kasia lake juu ya maji, na mimi nikalaza langu ili tusipinduke. Kwenye boti ile mtu hawezi kugeuka kumtazama wa nyuma yake. Maongezi yetu yote niliyafanya na mgongo.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu boti ilipoanza kupinda."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Mdogo wangu tu."

"Ulikubali kuambiwa mbele ya watu kwamba huwezi kazi."

"Kwetu mtu mzima anasitiriwa," nikasema. Kiingereza changu hakikuwa na neno la sitara, nikasema anafunikwa, na hapohapo nikasikia lilivyo baya, kama nasema maiti.

Boti ilikuwa inarudi nyuma polepole na maji. Kisha akasema, "Nilikuwa nafurahi. Kila jioni nilirudi nyumbani nikijiambia bega linapona. Nimeacha kwenda kwa yule mtaalamu anayelinyoosha. Nilimpigia simu nikamwambia ahsante, simhitaji tena."

Hapo niliumia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, hata kwa matusi, ila si kwa hilo. Kwetu ukimwomba radhi mkubwa unainama, unamshika mkono kwa mikono miwili. Kwenye boti ile ukiinama mnazama wote. Nikabaki nimeketi wima kama niko benki, nikasema, "Nisamehe, bibi," kwa Kiswahili, kwa sababu lile neno la Kiingereza watu wanalitumia hata wakigongana dukani, nikaliona jepesi. Hakuniuliza maana yake.

"Nilikwambia nitasema mwenyewe," akasema. "Ningesemaje, na mimi sijui? Uliniondolea hata hicho cha kusema."

Tulirudi kwa kuvuta polepole, mimi nikisubiri kila pigo lake, maana bila hivyo tusingefika. Safari hii alijua kwamba namsubiri, na kila mmoja wetu aliona aibu ya namna yake.

Jioni ya mazoezi iliyofuata aliwasimamisha wote kabla hatujashusha boti. Alisema kwa lugha yao, kisha akarudia kwa Kiingereza ili nami nisikie. Bega lake limekwisha. Huyu mgeni hana kosa la uvivu, alikuwa anampunguzia yeye. Anayataka mashindano haya, kwenye kiti chake, na kila mtu avute kwa nguvu zake zote bila kumwonea huruma. "Tutakwenda kombo na tutashindwa," akasema. "Asiyetaka aseme sasa."

Daktari wa meno alimtazama muda mrefu. Mwalimu akatazama viatu vyake. Mwoka mikate ndiye aliyesema, "Basi twende kombo," akainamia boti upande wake ili tuibebe. Daktari wa meno alikuja akanipa mkono, akaniomba radhi. Nikaipokea. Lakini lile neno la kupapasa sijalisahau, na sina mpango wa kulisahau.

Siku ya mashindano watu walijaa darajani na kwenye kingo, na watoto mabegani mwa baba zao. Mdogo wangu alikuja na mtoto kifuani, shemeji naye na kamera. Tulianza vibaya na kuendelea vibaya. Nilivuta kwa nguvu zote nilizopewa na mama yangu, kama bibi alivyotaka, na kila pigo langu lilikuwa linaipinda boti upande wake. Daktari wa meno alishikilia usukani kinyume, sauti imemkauka. Boti nyingine zilituacha. Mbele yangu ule mgongo ulikuwa unakwenda na kurudi, fulana imelowa chapachapa, na sikusikia pumzi ikikatika tena; ilikuwa inatoka na mlio, kila pigo na mlio wake, lakini kasia lake halikukosa maji hata mara moja. Nilikuwa namhurumia mpaka naona chungu mdomoni. Sikupunguza.

Tulifika wa mwisho, wakati washindi wameshavaa makoti yao. Watu wa darajani walitupigia makofi yale ya kuwaonea huruma watu. Kwenye gati bibi hakuinuka upesi. Alikaa na mikono mapajani, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayetaja bei ya kitu, "Basi. Mimi nimemaliza."

Nilikuwa nayo mdomoni: aa, bibi, acha hizo, bado una nguvu! Ndivyo tunavyosema kwetu, na tunasema hata kwa mtu anayeshikwa kwapani. Niliimeza. Bibi alinyanyuka, akachukua kasia lake mwenyewe, akalipeleka bandani na kulitundika kwa mkono ule mzima. Nikaenda nyuma ya banda nikalia, na nilipomaliza nikaenda kubeba boti na wenzangu.

Nilirudi Dar nimeshaamua. Tangu kwenye ndege nilijipanga: nitamwambia mama ukweli wa macho yake, nimpeleke hospitali, tuache mchezo. Kaka nilipomdokeza alinijia juu. "Umerudi na Uzungu wako. Muache mama na duka lake." Nikamwambia kuna bibi mmoja wa watu nimemkosesha matibabu kwa adabu zangu, sitaki kumfanyia hivyo na mama yangu mzazi. Akasema fanya unavyojua, ila mimi sipo.

Nilichagua saa ya alasiri, baada ya sala, wakati wateja wanapungua. Mama alikuwa kwenye kigoda chake kati ya majora, amejifunika ushungi, kikombe cha kahawa kando. Nikaanza kwa mbali, kwa kumsimulia habari za mto. Ya bata weupe alicheka mpaka akashika mbavu. Ya daktari wa meno alisonya. Nilipofika pale bibi aliposema ameacha kwenda kulinyoosha bega, mama aliacha kucheka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yule bibi alikuwa na haki ya kukasirika," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe umezunguka Ulaya nzima. Unataka kuniambia habari ya macho."

Nje msukuma mkokoteni alikuwa anaomba njia, na mama akasubiri apite.

"Unadhani sijui?" akaendelea. "Kulea mzazi ni kazi yangu mimi, si yako. Mwanangu kazaa mtoto wa kwanza, halafu mimi nikae hapa nauza vitenge? Nilikutuma wewe kwa sababu uwanja wa ndege ningeusoma na macho yapi? Hospitali nimekwenda. Jirani yetu hapa alinipeleka, nikamwapisha asiwaambie. Jicho la kulia halirudi tena. La kushoto nalitilia dawa asubuhi na jioni, huenda likabaki hapo lilipo."

"Mbona hukutwambia, mama?"

"Ningewaambia mngefanyaje? Mngenikalisha Magomeni niangalie ukuta, na huo ukuta wenyewe siuoni. Hapa nasikia watu. Nikileta kitenge sicho, wewe unasema maneno yako ya mzigo mpya, kaka yako anasema yake, mteja anaondoka na kitenge chake. Hivyo ndivyo ninavyotaka. Yule bibi alitaka kuambiwa. Mimi sitaki. Siku nikichoka nitasema, na mpaka siku hiyo endeleeni hivyo hivyo, na kaka yako usimwambie kama najua, ataona aibu."

Nikamwambia sawa, mama. Machozi yalikuwa yananichuruzika, na sikugeuka wala sikuyafuta. Nililia palepale mbele ya uso wake, kwa kuwa nilijua haoni.

"Na acha kulia," akasema. "Kuna mteja anaingia."